Mwaridi wa njano wa kutambaa Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wanaopita nje ya ua wangu hapa Ligula, Mtwara mjini, husimama langoni wakatazama tao lilivyojaa maua ya njano, kisha hubisha hodi. Maswali yao yanafanana sana. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa.

Mwaridi si mmea wa Arusha na Lushoto? Utaliweza joto la huku?

Utaliweza, mradi uchague aina inayofaa. Mashamba makubwa ya mawaridi yako nyanda za juu kwa sababu ubaridi hulichelewesha ua likue polepole, lipate kichwa kikubwa na shina refu la kuuzwa nje. Sisi hatuuzi ua kwa sentimita. Tunataka ukuta ufunikwe na harufu iingie dirishani.

Kwenye joto letu ua hufunguka haraka na kupukutika baada ya siku mbili tatu, hilo ni kweli. Lakini mmea wenyewe haulali. Siku zetu zina karibu saa 12 za mwanga mwaka mzima na hakuna majira ya baridi ya kuusimamisha, hivyo mwaridi wa aina inayorudia kuchanua hukupa duru mpya ya maua kila baada ya wiki sita hadi nane. Nimeona miwaridi mingi ikifa mjini hapa, na ni michache sana iliyokufa kwa joto. Mingi imeuawa na chumvi, au na mchanga usioshika maji. Na ile isiyokufa haichanui kwa sababu imeachwa isimame wima. Nitayarudia yote matatu.

Nitafute aina gani?

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa, kwa hiyo nitajieleza kwa urefu.

Njano ya mawaridi ina asili zaidi ya moja. Ile njano kali inayong'aa, ya mawaridi mengi ya kisasa, ilitoka kwenye waridi la Uajemi. Mfaransa Joseph Pernet-Ducher wa Lyon alilichanganya na mawaridi ya bustani, na mwaka 1900 akatoa 'Soleil d'Or'. Rangi ilikuwa ya ajabu, ila mzazi huyo wa Uajemi alirithisha pia udhaifu mbele ya ugonjwa wa madoa meusi. Kwa mtu wa pwani, ambako masika huloweka majani usiku kucha, hiyo si habari ndogo.

Njano nyingine ni ya zamani zaidi, iliyofifia kama siagi, na imetoka kwa mawaridi ya Uchina yaliyozoea joto. 'Maréchal Niel' ni wa ukoo huo. Ulitolewa Ufaransa mwaka 1864, na Waingereza walioupenda walilazimika kuulea ndani ya nyumba za vioo kwa sababu baridi ya kwao iliutesa. Mmea unaolelewa kwenye kioo kule ndio unaostarehe huku kwetu. Shingo ya ua lake ni laini, ua linainama chini, na watu wengine huiona kama kasoro. Ukiupandisha kwenye tao kasoro hiyo inageuka kuwa uzuri wake, maana unapita chini na maua yote yanakutazama. 'Rêve d'Or' wa mwaka 1869 ni ndugu yake, na una nguvu.

'Mermaid' ulitolewa Uingereza mwaka 1918, na mzazi wake mmoja ni waridi mwitu la Uchina. Ua lake lina petali tano tu, pana kama kiganja, na katikati ni dhahabu tupu. Huu ndio wenye nguvu kuliko yote niliyoitaja: unaweza kufika mita sita na kuzidi, majani yake yanang'aa na hayashikwi ovyo na madoa meusi. Miiba yake, hata hivyo, ni ndoano. Usiupande karibu na mlango wala mahali watoto wanapochezea.

Kama nafasi ni ndogo, 'Golden Showers' wa Marekani, wa mwaka 1956, hauzidi sana mita tatu na miiba yake si mingi.

Wa kuuacha ni ule mwaridi wa njano wa 'Lady Banks' usio na miiba. Picha zake zinavutia sana, lakini huchanua mara moja tu kwa mwaka, tena baada ya majira ya baridi. Ukiuleta pwani yetu utapata majani mengi ya kupendeza na kuishia hapo.

Ukikuta mche usio na jina, kama wengi wanavyouziwa, angalia mambo mawili. Je, majani ni mazito na yanang'aa? Je, mmea mama ulipo unachanua zaidi ya mara moja kwa mwaka? Muuzaji asiyeweza kukuonyesha mmea mama, usimlipe bei ya mwaridi wa kutambaa. Mche wa waridi la kawaida la kichaka hauna tofauti na wa kutambaa ukiwa na urefu wa shubiri mbili.

Jirani ana mmea wa njano umefunika uzio wote na hana shida yoyote. Naye ni mwaridi?

Kama maua ni kama tarumbeta, laini, na tawi likikatwa linatoa utomvu mweupe, hiyo ni alamanda. Ni mmea mzuri na haudai mengi, lakini si mwaridi, na utomvu wake ni sumu. Osha mikono ukishaushika.

Niupande upande gani wa nyumba?

Mashariki. Utapata jua la asubuhi mpaka saa sita au saa saba, na kivuli saa zile za alasiri ambazo ukuta unakuwa kama kikaango. Saa sita za jua zinatosha. Jua la asubuhi pia hukausha umande mapema, na umande ndio unaoleta ugonjwa.

Kama uko karibu na bahari, Shangani kwa mfano, au Mikindani mkabala na ghuba, fikiria kusi. Tangu Mei mpaka Septemba upepo huo hubeba chumvi na kuibandika kwenye majani. Tafuta pembe ambayo nyumba yenyewe inaukinga, au panda uzio wa mimea migumu mbele yake. Baada ya siku ya upepo mkali mimi huyasuuza majani asubuhi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na hiyo, pamoja na ile ya utitiri nitakayoitaja mbele, ndiyo ruhusa pekee ninayotoa ya kulowesha majani kwa kupenda.

Acha nusu mita kati ya shina na ukuta, na usiweke shina chini ya ncha ya mabati ambako maji ya paa yanachimba ardhi.

Udongo wangu ni mchanga mtupu. Nifanyeje?

Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, na kina hicho hicho. Chini weka makumbi ya nazi, upande wa nyuzi ukitazama juu. Hayo hushika maji kama sifongo, na kwetu hapa hayana bei. Ila yaloweke kwanza kwenye pipa siku tatu nne na ubadilishe maji mara mbili, kwa sababu makumbi yenyewe yana chumvi. Utaona maji ya kwanza yanatoka mekundu kama chai ya rangi. Yakianza kuwa meupe, yako tayari.

Juu ya makumbi changanya udongo mwekundu na samadi iliyoiva, nusu kwa nusu. Udongo mwekundu wa uwandani, wa kuelekea Nanyamba na Newala, ni bora kuliko wowote uliopo mjini. Magari yanayoleta mihogo na mkaa hukubali kubeba viroba vitatu. Samadi ya mbuzi ni nzuri. Ya kuku iache iive angalau miezi miwili, la sivyo itachoma mizizi.

Matandazo ni lazima: pumba za mpunga au nyasi kavu, unene wa kiganja, lakini yasiguse shina, maana mchwa wa huku hawasubiri. Maganda ya korosho usiweke kabisa. Mafuta yake yanaunguza ngozi ya mtu, na sitaki yawe karibu na mizizi michanga.

Wa Mikindani na wengine wenye udongo wa mawe ya matumbawe wana tatizo lao peke yao. Mawe hayo ni chokaa, na kwenye chokaa mwaridi hushindwa kunyonya madini ya chuma hata kama yamo. Jani linakuwa la njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hapo msaada ni kuinua tuta juu ya ardhi, ujaze udongo mwekundu na mboji. Wala usimwage jivu la jikoni kwenye udongo huo. Jivu linaongeza kile kile kinachokuumiza.

Kisima changu kina chumvi kidogo. Maji yake yanafaa?

Kama ulimi wako unaihisi chumvi, mwaridi unaihisi zaidi. Dalili ya kwanza ni kingo za majani kukauka na kuwa kahawia, kuanzia yale ya chini. Ya pili ni utando mweupe juu ya udongo ukikauka. Mwaridi wangu wa kwanza ulikufa hivyo. Niliona kingo zimeungua, nikadhani ni kiu, nikaongeza maji ya kisima kile kile, na baada ya miezi minne shina lilikuwa limekauka mpaka chini.

Vuna maji ya mvua. Bati moja la kibanda na tangi la lita 1,000 linautunza mmea mmoja muda mrefu wa kiangazi, maana mmea mkubwa unatosheka na ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Mimina polepole, kwenye shina, asubuhi. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi nayo hayana chumvi, na ukiyakinga kwenye ndoo yanatosha kulea mche mchanga.

Ikiwa huna namna nyingine ila kisima, basi mwagilia kwa wingi na kwa nadra, usitie kidogo kidogo kila siku. Maji mengi husukuma chumvi chini ya mizizi. Kikombe cha kila jioni huiacha juu.

Mwaridi wangu umefika juu ya paa lakini maua ni mawili matatu tu, tena huko huko juu. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike.

Mmea hupeleka nguvu kwenye jicho, yaani kile kinundu kwenye tawi kinachochipua, lililo juu kuliko mengine. Fimbo, yaani lile tawi refu jipya linalotoka karibu na ardhi, ikisimama wima, jicho la juu ni moja tu, la nchani. Hilo linawazuia wenzake wa chini wasiamke. Fimbo ikilazwa, macho yote yanakuwa usawa mmoja, na kila moja linatoa kitawi kifupi kinachoishia na ua. Mmea ni ule ule, na mbolea ni ile ile. Kwa miaka miwili wa kwangu ulipanda mpaka juu ya mabati nami nikifurahia urefu. Mwaka nilioulaza, nilihesabu maua 31 kwenye fimbo moja iliyokuwa haijawahi kutoa hata moja.

Ilaze alasiri, jua likiwa limeulegeza mmea. Asubuhi fimbo imejaa maji na inavunjika kama bamia. Anza fimbo ikiwa na urefu wa mita moja hivi, bado ina rangi ya kijani inayoelekea wekundu. Shika kwa mikono miwili, mmoja karibu na ardhi, mwingine mahali inapotaka kupinda, na uisukume taratibu kuelekea pembeni. Sikiliza. Ikitoa mlio, simama hapo hapo, funga, urudi baada ya siku tano. Fimbo ngumu huchukua wiki mbili kulala. Si lazima ilale kama mkeka, na hata ikiinama nusu inatosha kuamsha macho.

Kufungia natumia vipande vya kanga kuukuu vyenye upana wa vidole viwili, nikizungusha kwa umbo la nambari nane: duara moja kwenye waya, jingine kwenye tawi. Waya mtupu hukata gome tawi linaponenepa. Kama una nguzo badala ya ukuta, zungusha fimbo kama nyoka anayepanda mnazi. Inaleta matokeo hayo hayo.

Niutambaze kwenye nini?

Ukutani, waya wa mabati uliovutwa mistari minne, mmoja kila nusu mita, ukiwa mbali na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite. Kwenye njia, tao la nondo au mabomba ya chuma, miguu yake ikichimbiwa nusu mita na kumwagiwa zege.

Nilianza na tao la mianzi. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, upepo na mvua viliulaza mwanzi wote, na mwaridi ukalala nao. Mmea mkubwa uliolowa ni mzito ajabu. Boriti za mikoko ni imara, lakini mikoko inalinda fukwe zetu. Iacheni.

Nipogoe lini?

Juni, mvua zikishaisha na hali ya hewa ikipoa. Kata vitawi vya pembeni vilivyokwisha kuchanua, ubakize macho mawili matatu kwenye kila kimoja. Fimbo kuu usizifupishe. Ondoa tu zilizozeeka na kuwa kijivu, moja au mbili kwa mwaka, kutoka chini kabisa. Maua yaliyonyauka kata kila wiki.

Miaka miwili ya kwanza usipogoe chochote isipokuwa kilichokufa. Na baada ya kupogoa, nusu debe la samadi na maji ya kutosha, ndipo mmea upate cha kuchipulia.

Majani machanga yamejikunja na yana unga mweupe. Ni ule ubwiriunga wa korosho?

Jina ni moja na sura ni moja, lakini kuvu ni tofauti, kila mmoja na mmea wake. Wa mkorosho wako hauhamii kwenye waridi. Ila hali inayowaamsha inafanana: usiku wa ubaridi na mchana mkavu, Juni mpaka Agosti. Ndiyo maana wakati wakulima wanapulizia mikorosho, nasi tunakagua mawaridi.

Na dawa ni ile ile tuliyoizoea mkoa mzima: salfa. Tumia ya kuchanganya na maji, kwa kipimo cha kwenye pakiti na si kwa kukisia. Pulizia kabla ya saa mbili asubuhi. Salfa kwenye jua kali la mchana inachoma majani, na ukiwa umepulizia mafuta ya aina yoyote, kama ya mwarobaini, subiri wiki mbili kwanza. Funika pua na macho. Maua ya kutia kwenye kikuba, au ya kumwagia bwana harusi, usiyapulizie.

Na madoa meusi?

Hayo ni ya masika, Januari mpaka Aprili. Kuvu wake anahitaji jani libaki limelowa karibu saa saba mfululizo ili aingie. Kwa hiyo hewa ipite, maji yaende kwenye shina, na jani lililoanguka liokotwe likachomwe, lisibaki kwenye matandazo. Mmea ukipukutisha majani mengi mwezi wa tatu, usiung'oe. Utavaa mengine.

Kiangazi kikali, Septemba na Oktoba, mkosaji anabadilika: utitiri. Jani linakuwa na vidoti hafifu kama lililonyunyiziwa vumbi, na chini yake kuna utando mwembamba. Maji ya mpira kwa nguvu chini ya majani, asubuhi tatu mfululizo, hupunguza sana.

Maua yamebadilika! Nilipanda wa njano, sasa yanatoka mengine kabisa.

Mche wako ulibebeshwa, yaani tawi la aina moja liliunganishwa juu ya shina la aina nyingine, kama mikorosho inavyobebeshwa. Kilichochanua ni shina la chini, ambalo limechipua na kumshinda aliyebebwa. Niliuziwa mche wa namna hiyo na muuzaji hakunieleza neno, nikalea chipukizi la shina la chini mwaka mzima nikidhani ni fimbo mpya. Fukua udongo taratibu utazame inapotokea. Ikitoka chini ya kovu la kubebeshea, ivute ing'oke na kisigino chake. Ukiikata kwa mkasi inarudi ikiwa mbili.

Ni kweli unaleta nyoka?

Nyoka hufuata panya na vyura, na hupenda mahali pa kujificha. Weka chini ya mmea pawe wazi mpaka usawa wa goti, usirundike mbao wala matofali hapo.

Mbuzi je, miiba haiwazuii?

Haiwazuii hata kidogo. Zungushia wavu mpaka mmea upite kimo chao.

Naishi nyumba ya kupanga. Naweza kuupanda kwenye chombo?

'Golden Showers' unakubali, kwenye pipa lililokatwa nusu lenye matundu chini, ujazo wa lita 60 au zaidi. Utamwagilia kila siku kiangazi. 'Mermaid' hapana. Haupendi kubanwa, na haupendi kuhamishwa.

Naomba vipandikizi. Niko Masasi, vitafika vikiwa hai?

Vitafika. Hukata tawi ambalo ua lake limetoka kupukutika, nene kama penseli, urefu wa shubiri moja, lenye macho matatu au manne. Nabakiza jani moja juu. Navifunga kwenye gazeti lililolowekwa na kukamuliwa, kisha kwenye jani la mgomba, na kumkabidhi kondakta wa basi la asubuhi.

Ukivipokea, usivilaze hata usiku mmoja. Changanya mchanga na mboji nusu kwa nusu kwenye mfuko wa miche, chomeka kipandikizi mpaka macho mawili yazame, mwagilia, kisha kifunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Weka chini ya mwembe, penye mwanga lakini pasipo na jua. Kizibo kifungue kila asubuhi dakika chache. Usikivute kukagua mizizi, maana mizizi ya kwanza ni laini kama uzi wa buibui na hukatika bila wewe kujua. Baada ya wiki nne hadi sita, kikitoa jani la pili jipya, ondoa chupa jioni. Kati ya vitano tarajia viwili au vitatu, ndiyo maana siku zote ninatuma vitano.